Tumbo la Fundi wa Chubwi

Kadi yake ilikuwa imejaa mpaka kwenye jalada la nyuma. Ndani ya miezi mitano mwanamume huyu wa miaka 41 alikuwa ameonwa mara tano, katika vituo vitatu tofauti, na kila mara tumbo ndilo lililotangulia: taifodi, vidonda vya tumbo, UTI, taifodi tena, minyoo. Mara ya sita alikuja kwangu. Nikaandika vidonda vya tumbo, nikampa omeprazoli ya wiki mbili. Naanza na hilo kwa makusudi. Kisa hiki nimekisimulia kwa wenzangu mara kadhaa, na kila mara ulimi unataka kuanzia siku niliyogundua, uiruke siku niliyokosea.

Kwenye mstari wa kazi wote walikuwa wameandika neno moja: mvuvi. Nami nikaandika hivyo hivyo. Haukuwa uongo. Ni mvuvi kweli, wa mshipi na wa wavu wa jarife, anashusha samaki soko la Deep Sea tangu ujana wake. Anakaa kaskazini mwa mji wa Tanga, mtaa wa pwani ambao siutaji kwa kuwa kule watu wote wanajuana, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimevigeuza.

Maumivu yake yalikuwa ya kuja na kuondoka. Yakija, yanamkunja. Homa hana. Kutapika mara moja moja. Choo kinaweza kupita siku nne, tano, hakuna kitu. Na kulikuwa na jambo moja nililoliona kwa macho yangu lakini akili haikulishika: pale kwenye benchi alikuwa amekaa na ngumi zote mbili amezibana chini ya kitovu, kisha amejilalia juu yake. Mtu mwenye kidole tumbo hataki hata kanga imguse. Huyu alikuwa anajikandamiza ndiyo apate nafuu. Nilipomlaza kitandani tumbo lilikuwa laini kama la mtu aliyelala usingizi, na yeye huku jasho linamtoka. Maumivu makali namna ile na tumbo laini namna ile haviendi pamoja, na hapo nilipaswa kusimama. Sikusimama. Foleni ilikuwa ndefu, na kadi ilikuwa imeshaniambia hili ni tumbo la vidonda.

Kuhusu zile taifodi mbili, niseme tu kwamba zote zilitokana na kipimo cha Widal, kipimo kimoja, siku moja. Mahali ambapo taifodi ipo na watu wameshakutana nayo, jibu moja la Widal halithibitishi kitu. Lakini karatasi ikitoka maabara ina alama ya kujumlisha, nani atamrudisha mgonjwa nyumbani bila sipro, antibiotiki ya taifodi?

Alirudi baada ya siku kumi na mbili, safari hii na mkewe.

"Dokta, baba watoto halali," mama akasema kabla hajakaa. "Usiku anazunguka uani kama mlinzi."

Nilimpa mgonjwa kidonge cha maumivu na kikombe cha maji. Alikipokea kwa mkono wa kulia, lakini wa kushoto ukaja haraka ukaukamata kifundo cha ule wa kulia kwa chini, kama mtu anayeshikilia kitu kisidondoke. Nikamwambia, "Kaka, nyoosha mikono mbele, viganja vitazame chini, kama trafiki anayesimamisha gari." Wa kushoto ulisimama. Wa kulia ulinyooka mpaka kwenye kifundo, kutoka hapo kiganja kikaning'inia kama jani la mgomba lililopigwa na jua la saa nane. Akajaribu kukiinua. Vidole vikacheza kidogo, kiganja kikabaki pale pale.

"Huo umechoka tu," akasema, kama anayeona haya. "Ndio mkono wa upawa."

Upawa gani, nikauliza. Mvuvi na upawa wapi na wapi. Mkewe ndiye aliyejibu: "Wa chubwi, dokta. Anapika chubwi."

Kijishughuli cha kusi

Asiyevua hajui kwamba jarife halizami kwa heri. Juu lina maboya, chini lina kamba iliyofungwa chubwi, na katikati ndipo samaki anaponaswa. Chubwi ni vipande vya madini ya risasi, vingine vinene kama tende, vingine virefu kama kidole. Za mshipi ni ndogo kama kunde, zina ufa. Unapitisha uzi kwenye ufa, kisha unaubana. Kwa meno. Kila mvuvi niliyemuuliza baada ya siku ile alinionyesha meno yale yale ya mbele, na mmoja akaniambia chubwi nzuri unaijua kwa jinsi inavyoingia jino.

Risasi yenyewe inatoka kwenye betri mbovu. Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, kwa hiyo betri moja ya gari dogo inatoa kilo kadhaa. Yeye alikuwa akizinunua kwa mafundi wa Ngamiani, za magari, za bajaji, na siku hizi hata zile za sola. Anazipasua kwa shoka, asidi anaimwaga kwenye shina la mpapai, sahani za ndani anazitia kwenye karai juu ya mafiga, moto wa vifuu. Ikiyeyuka anaikoroga, anaengua takataka zinazoelea, anachota kwa upawa wa chuma na kumimina kwenye kalibu za udongo. Mikono yake imejaa makovu madogo ya mviringo: kalibu ikiwa na unyevu, risasi huruka.

Kwa nini hakulitaja hilo alipoulizwa kazi? Nilimuuliza baadaye, akashangaa. "Hiyo si kazi, dokta. Kazi ni bahari. Ile ni kijishughuli cha kusi." Kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka karibu Septemba, bahari inachafuka na mwenye ngalawa ndogo anashinda nchi kavu. Ndipo anapokaa uani na karai lake, akijiandaa kuuza chubwi watu watakaporudi baharini. Nikaichukua tena ile kadi nikasoma tarehe, kitu ambacho sikuwa nimekifanya. Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa mwezi Mei. Ugonjwa mzima ulikuwa umeandikwa ndani ya kusi, na sisi sote sita tulisoma dalili, tukaacha tarehe.

Tumefundishwa kumuuliza mgonjwa kazi yake, na niliuliza. Sasa nauliza swali jingine: mikono yako inashika nini, kuanzia unapoamka mpaka unapolala?

Tanga si mji mgeni wa magonjwa ya kazi. Vumbi la brashi kwenye viwanda vya mkonge na vifua vinavyobana, wazee wa hapa wanalijua. Saruji nayo ina kromiamu inayowafanya baadhi ya waashi wapasuke ngozi za mikono wasijue kwa nini. Lakini hayo yana geti, yana daftari la mahudhurio, yana mtu wa kumkamata shati. Uani mwa mtu hakuna geti.

Ushahidi

Sasa nilikuwa nashuku sumu ya risasi. Nilichukua tochi ya simu nikamwambia afunue midomo. Pembezoni mwa fizi, pale zinapokutana na meno ya chini, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kijivu-bluu, kama umepigwa kwa kalamu ya risasi. (Jina la kalamu hilo linatudanganya: ndani yake siku hizi mna grafiti, hamna risasi hata chembe.) Mstari huo hautokei kwa kila aliyelishwa risasi, na hutokea zaidi kwenye meno yasiyosafishwa vizuri, kwa hiyo kukosekana kwake hakumsafishi mtu. Lakini ukiuona, ni vigumu kuutafutia maelezo mengine.

Presha ilikuwa 156 kwa 98. Wingi wa damu 8.9, chini mno kwa mwanamume mzima anayekula samaki kila siku. Nikaenda maabara kwa mzee wetu ambaye bado anaamini hadubini kuliko vipimo vya haraka. Nilimwomba apake damu nyembamba kwenye kioo, aangalie chembe nyekundu zenyewe, malaria aiweke pembeni. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaniita: "Njoo uone. Zina vidoadoa vya bluu, kama pilipili manga imemwagwa kwenye wali." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba vidoadoa kama hivyo aliwahi kuviona kwenye kioo cha mtu mwingine mwaka uliopita, akaandika "hakuna malaria", akaendelea na kioo kingine. Hakukosea. Aliulizwa malaria, akajibu malaria.

Vidoadoa hivyo hutokana na risasi kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza na kusafisha chembe nyekundu. Risasi ina tabia ya mgeni anayeingia kwa jina la mwenye nyumba: mwili unaidhani kalsiamu, unaipitisha panapopita kalsiamu, inaingia kwenye mishipa ya fahamu, kwenye figo, na mwisho inajiweka kwenye mifupa. Kwa mtu mzima zaidi ya sehemu tisa katika kumi za risasi yote aliyonayo ziko mifupani. Iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu kila mwezi mmoja hivi ukiacha kuipokea; ya mifupani hukaa miaka kumi, ishirini na zaidi. Mishipa inayoumia mapema ni ile ya kuinua kiganja, na mkono unaofanya kazi zaidi ndio unaotangulia. Ndiyo maana ulikuwa mkono wa upawa.

Vidoadoa peke yake si hukumu. Magonjwa mengine ya damu ya kurithi huvileta pia. Tulihitaji kupima risasi yenyewe ndani ya damu, na sampuli ilibidi isafirishwe mpaka Dar es Salaam. Hapa nataja kosa ambalo nusura nilifanye: kumtoboa kidole. Mtu anayeshinda na vumbi la risasi, kidole chake kina risasi kwa nje, na tone moja linalopita juu ya ngozi hiyo linakupa jibu la uongo. Osha mkono mpaka kiwiko kwa sabuni na maji mengi, kisha toa damu kwenye mshipa.

Majibu yalichukua wiki tatu. Yeye: maikrogramu 84 katika kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema kuanzia 5 tu chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Uani

Sikungoja majibu ndipo niende. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na afisa afya wa kata, tukabisha hodi, tukakuta uwanja unafagiliwa.

Nataka msomaji aone hapo. Uwanja wa mchanga, safi, mistari ya ufagio wa chelewa imepangika kama mkeka. Mama anafagia tangu alfajiri kama kila mama wa pwani anayejiheshimu, na kila anapopitisha ufagio wingu dogo la kijivu linapanda mpaka magotini, linatua tena. Karibu na mafiga ya karai udongo ulikuwa na rangi tofauti, kijivu kinachong'aa, na kulikuwa na unga wa kahawia uliomwagika kutoka kwenye sahani za betri. Unga huo si uchafu wa betri kama walivyodhani. Ni risasi iliyoungana na oksijeni na salfa, tayari imesagwa. Kuku wanadonoa humo humo. Mita nne kutoka pale, mafiga mengine, ya chakula. Mpapai umekauka ukiwa umesimama.

Moshi ndio watu wanaouogopa, na hawakosei. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, moto wa vifuu unavuka hapo bila kuhangaika, na ukipanda kukaribia 500 mvuke unakuwa mwingi. Ukipoa hewani unageuka vumbi laini kuliko unga wa sembe, linalofika ndani kabisa ya mapafu. Lakini moshi ulikuwa wa siku mbili kwa wiki. Vumbi lilikuwa la kila siku, hadi ndani ya shuka, maana shati la kazi lilikuwa linaning'inia kwenye msumari chumbani.

Mtoto wa mwisho, wa kike, miaka mitatu, alikuwa amechuchumaa pembeni. Alikuwa amepanga chubwi kumi na mbili zilizoharibika, kubwa kwa ndogo, ndio familia yake: baba, mama, bibi. Moja akaitia mdomoni, akaitoa, akaipangusa kwenye gauni, akairudisha mahali pake.

Mtu mzima akimeza risasi hunyonya karibu sehemu moja katika kumi. Mtoto hunyonya mpaka karibu nusu, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma, zaidi. Huyu alikuwa na damu chache. Kliniki ilikuwa imeshauri apewe yai kila siku, na mayai yalikuwa ya kuku wale wale wa uani. Pia alikuwa amepakwa wanja. Nikauliza umetoka wapi, kwa sababu baadhi ya wanja wa jiwe ni risasi na salfa iliyosagwa. Bibi yake, mama mzaa mke, akaenda kuuleta, akaukabidhi bila neno. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, naamini.

Mtoto alipimwa akawa na 38. Mama, mimba ya miezi mitano, 22. Risasi hupita kondo la nyuma bila kizuizi, na mama mjamzito anapomchotea mtoto kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, anachota pia risasi aliyoihifadhi miaka.

Siku nilipowaeleza majibu nilisema, "Mzee ana risasi mwilini." Bibi akapiga yowe. "Nani kampiga?" Ilichukua muda kidogo kumtuliza, na hata baada ya kuelewa alinitazama kwa mashaka. Walishampeleka kwa shehe mmoja akanyweshwa kombe, yale maji ya aya za Kurani, na sikuona sababu ya kulipinga, kombe halikumdhuru. Neno lililokuwa likizunguka mtaani ni kwamba wavuvi wenzake wamemfunga mkono. Nikamwambia bibi kwamba kwa namna fulani ni kweli mkono umefungwa, na aliyeufunga yuko kwenye karai.

Dawa, na kisichokuwa dawa

Kwanza maziwa. Kila mwenye kushika rangi, welding au betri hapa mjini ana imani na maziwa: pakiti moja ukimaliza kazi, sumu inashuka. Yeye alikuwa anakunywa mbili. Kalsiamu ya maziwa yaweza kupunguza kidogo kiasi kinachonyonywa tumboni; iliyokwisha kuingia kwenye damu na mifupa haiigusi, na iliyovutwa kwa pua haijui habari zake. Tatizo langu na maziwa ni kwamba yanampa mtu ruhusa ya kurudi kwenye moshi kesho.

Dawa ya kweli ipo. Inaishika risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Kwa mtu mzima mwenye zaidi ya 70 na dalili kama zake, haina mjadala. Alipata vidonge vya succimer kwa siku 19 chini ya daktari wa hospitali kubwa. Nasisitiza daktari, kwa sababu katika dawa za aina hii zipo mbili za sindano zenye majina yanayofanana karibu kabisa, na ile isiyo na kalsiamu ndani yake hushusha kalsiamu ya mgonjwa ghafla na imeshaua watoto. Tena dawa haianzi mpaka mtu aondoke kwenye chanzo. Kumpa huku anaendelea kupika chubwi ni kuchota maji kwenye ngalawa bila kuziba tundu, na huenda hata ikamwongezea anachonyonya.

Mtoto na mama hawakupewa dawa hiyo. Kwa mtoto asiye na dalili mwongozo huo wa 2021 unaanzia 45. Wao walihitaji madini ya chuma, kalsiamu, na uwanja mwingine. Familia ilihamia kwa ndugu wiki sita. Udongo wa juu ulikwanguliwa ukiwa umelowanishwa, ukatiwa kwenye viroba, ukafuatiliwa na afisa afya. Uwanja ukafunikwa kwa kifusi kipya. Ndani ya nyumba ufagio ulipigwa marufuku, kitambaa cha maji tu. Shati la kazi lilichomwa na mgonjwa mwenyewe kabla sijamwambia kwamba hilo nalo si la kuchoma.

Damu yake ilishuka hadi 41. Wiki nne baadaye ikapanda 52, na alikuja amekasirika akidhani nimempima vibaya. Ndivyo inavyokuwa: damu ikisafika, mifupa inamwaga akiba yake. Miezi sita baadaye alikuwa na 30. Tumbo lilipona ndani ya wiki mbili, kiasi cha kumfanya asiamini kwamba bado ni mgonjwa. Kiganja kimerudi, si chote. Kuvuta mshipi anaweza, kufunga fundo dogo bado. Presha haijashuka, na kwa kuwa figo ni miongoni mwa zinazoumia, sina hakika ya kumwahidi.

Mtoto alikuwa na 19 tulipompima mara ya mwisho. Anaongea kidogo kuliko dada yake alivyokuwa kwa umri ule. Inaweza kuwa risasi, inaweza kuwa ndivyo alivyo. Risasi ikishagusa ubongo wa mtoto, kushuka kwa namba hakurudishi kilichopotea.

Wakati huo huo nilimtumia afisa afya habari za jirani zetu, maana alikuwa anauliza kama si kumtisha mtu bure. Owino Uhuru, Mombasa, safari ya saa chache tu ukivuka mpaka wa Horohoro: kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ukutani mwa makazi ya watu, wakaugua, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za kwao. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa udongo wa betri. Hakuniuliza tena.

Kuhusu sheria sina mengi. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, unaomlipa aliyeugua kwa sababu ya kazi. Mchangiaji wa mfuko ni mwajiri. Mwajiri wa fundi huyu ni yeye mwenyewe, na alikuwa amejipangia kazi mbaya.

Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku hiyo: "Sasa jarife litazama kwa nini, dokta? Kwa dua?" Nikaenda kupiga hesabu. Kilo moja ya risasi ikiwa ndani ya maji ya bahari inabaki na uzito wa kama gramu 910. Kilo ya chuma inabaki na 870. Kilo ya zege inabaki na 570 tu. Kwa hiyo kwa mshipi vipande vya nondo au nati vinatosha, ukikubali kutu. Kwa jarife zege linawezekana, ila uweke kama kilo moja na gramu mia sita mahali ulipokuwa unaweka kilo moja, na ulipake laini lisikate nyuzi. Tuko Tanga, saruji si ya kutafuta. Alijaribu. Anasema linafanya kazi kwenye mchanga, kwenye mwamba linakwama. Wateja wake wanasema ni zito kubeba na linakula nafasi kwenye ngalawa. Wengi wamerudi kununua risasi kwingine, na siwezi kusema hawana hoja.

Kulikuwa na mtu wa tano uani pale, ambaye hesabu yangu haikumfikia. Mpwa wake, kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa akipasua betri na kukaa upande moshi unakoelekea, kwa kuwa upande mwingine ni wa mwenye karai. Nilimwachia ujumbe mara tatu aje apimwe. Mara ya nne nikamuuliza mjomba wake, akatazama chini, akaukunja na kuukunjua ule mkono wa kulia polepole kama anavyoelekezwa kuufanyia mazoezi.

"Yuko Pangani," akasema. "Kaondoka na kalibu zangu."